Buibui Aliyesingiziwa

Mdogo wangu wa kiume ana kovu juu ya jicho la kushoto. Kwa mbali hulioni. Ukikaa naye karibu, hasa akicheka, utaona nyusi imekatika katikati kama kijia kilichopita shambani. Ukimuuliza atakujibu bila kusita: "Niliumwa na buibui, Mbamba Bay, nikiwa mchanga." Amewaambia hivyo walimu, amemwambia mkewe, amewaambia wanawe. Kwao hiyo ni historia ya familia, iko kundi moja na safari ya babu kwenda kukata mkonge Tanga na mwaka ule kahawa ilipokosa bei.

Shida ni kwamba si kweli. Hakuna buibui aliyemuuma. Habari hiyo niliitunga mimi, mwaka 1994, nikiwa na miaka tisa, na ilinichukua karibu miaka thelathini kuifuta. Andiko hili ni juu ya uongo ule, juu ya buibui, na juu ya nilivyokuja kujua kwamba si mimi wa kwanza kumtwisha kiumbe huyu mzigo usio wake.

Bibi mzaa mama aliishi Mbamba Bay, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Sisi tulikaa Mbinga mjini, juu milimani, kwenye baridi na kahawa. Likizo ya Juni tulishushwa ziwani juu ya lori, kwa barabara ya vumbi na kona za kukata pumzi. Lami ya leo haikuwepo hata ndotoni. Kwa mtoto wa Mbinga kule kulikuwa nchi nyingine kabisa: joto, mchanga, miamba mikubwa iliyopandana kama vile kuna mtu aliipanga, dagaa waliotandazwa juani, na siku MV Songea ikiingia, kijiji kizima kinasimama kutazama nani anashuka.

Jioni moja bibi alikwenda kuchukua dagaa, akaniachia mtoto. Alikuwa na miezi kumi. Nilimbeba mgongoni kwa kitenge, nikajiona mama kamili. Nikaingia jiko la nje kuchukua kuni. Nilipovuta gogo la chini kabisa akatoka buibui: mkubwa, mwenye manyoya, rangi ya udongo, mwili wake kama kidole gumba cha mtu mzima. Akapita juu ya mguu wangu. Hakusimama wala hakunitazama. Nikikumbuka leo naona alikuwa ananikimbia, maana nimembomolea nyumba. Lakini mimi niliruka, nikapiga ukelele, fundo la kitenge likafunguka, mtoto akaanguka na kujigonga kwenye figa.

Kilichonitia hofu zaidi haikuwa damu. Ni kwamba kwa muda kidogo hakulia. Alipolia, majirani walikuwa wamejaa jikoni. "Kuna nini? Kafanyaje mtoto?" Nikasema neno la kwanza lililopita kinywani: "Buibui! Buibui kamuuma!"

Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Kuna uongo unaopokelewa vizuri kwa sababu watu walikuwa tayari wameshauamini kabla haujasemwa. Bibi peke yake, alipokuwa anamwosha mtoto, alilitazama lile jeraha muda mrefu, halafu akanitazama mimi. Hakusema kitu. Mtoto akapelekwa zahanati, akashonwa nyuzi tatu.

Siku ya tatu baba alishuka kutoka Mbinga. Akachemsha maji kwenye sufuria kubwa ya msibani, akazunguka nyumba ya bibi akimwaga katika kila shimo aliloliona, la nyenje, la panya, la yeyote. Buibui watatu walitoka. Sijui kama umewahi kumwona buibui akifa: hukunja miguu yote ndani, kama mkono unaofumba. Nilisimama pale nikiangalia adhabu ya kosa langu ikitolewa kwa wengine, na nikanyamaza.

Kuanzia hapo nikawaogopa. Watu wanadhani hofu ya namna hii inatokana na kuumwa. Mimi sijaumwa hata siku moja. Kila nikimwona buibui, nilikuwa namwona shahidi. Shule ya bweni nililala ndani ya neti iliyobanwa pande zote hata msimu usio na mbu. Nikikuta buibui bafuni, naoga kesho. Wenzangu walicheka, mimi nikacheka nao, na hofu ikaendelea kukua na mimi mpaka nikawa mtu mzima wa kumwita jirani usiku aje na fagio.

Mwaka 2018 nilikwenda Ujerumani kusoma, mji wa Würzburg. Kwa mtu wa Mbinga huo si mji mgeni sana. Jimbo Katoliki la Mbinga na Jimbo la Würzburg yana udugu wa miongo kadhaa, na nje kidogo ya mji iko abasia ya Münsterschwarzach ya Wabenediktini, shirika lilelile la watawa waliojenga Peramiho. Nilipata chumba katika nyumba ya kupanga na mwanafunzi mwingine, Mjerumani, kijana mpole asiye na maneno mengi. Siku ya kwanza alinionyesha jiko, akanionyesha bafu, kisha akafungua mlango wa chumba chake. Kulikuwa na masanduku manne ya kioo yenye taa hafifu. Nikadhani samaki.

Hawakuwa samaki. Kila sanduku lilikuwa na buibui mmoja, wa ukoo uleule wa yule wa jikoni kwa bibi.

Ningehama siku ileile kama kungekuwa na pa kuhamia. Lakini ilikuwa Oktoba, baridi imeanza, na vyumba vya bei ile havikuwepo. Tukakubaliana mlango wake ubaki umefungwa. Miezi miwili sikukanyaga upande ule wa nyumba. Halafu Desemba mama yake akaugua, akalazimika kwenda kumuuguza, kaskazini mbali, kwa wiki sita. Rafiki zake wote walikuwa wamesafiri. Akaja jikoni, akasimama, akasema: "Najua unawaogopa. Si lazima uwapende. Wanahitaji maji tu, na chakula mara moja kwa wiki."

Sasa niambie, mtu ana mgonjwa, ungemjibu nini? Kwetu mwenye mgonjwa haambiwi hapana. Nikapokea ufunguo.

Aliacha maelekezo kwenye karatasi, kwa mwandiko mkubwa kama wa kumwandikia mtoto. Jaza kisosi cha maji. Udongo wa makumbi ya nazi uwe na unyevu kona moja tu. Kila mmoja apewe nyenje mmoja au wawili kwa wiki. Nyenje wanauzwa wazima dukani, ndani ya viboksi vya plastiki. Asipokula, mtoe nyenje, jaribu wiki ijayo. Anaweza kukaa hata miezi bila kula, usipaniki. Tumia kibanio kirefu. Usiingize mkono. Usiwaguse kamwe. Hilo la mwisho alilipigia mstari mara mbili, na kwangu lilikuwa amri rahisi kuliko zote nilizopewa maishani.

Mara ya kwanza nilijaza maji nikiwa nimevaa koti la baridi, glavu na viatu, kama naenda kulima theluji. Nilitumia karibu saa nzima kwa kazi ya dakika tano. Kwenye sanduku la nne, lile la mwisho, nikainama kusoma karatasi iliyobandikwa: Pterinochilus murinus. Chini yake, kwa kalamu: Usambara, Tansania.

Nilikaa kitandani kwake nikacheka peke yangu. Nimepanda ndege, nimevuka bahari, kumbe aliyenikimbiza katangulia. Ukweli ni kwamba huyu mwenyewe alizaliwa Ulaya. Wafugaji huzalisha buibui hawa vizazi kwa vizazi, na ile "Usambara" ni jina wanaloitia aina yenye rangi ya chungwa kali, kama kaa la moto. Lakini asili yake ni kwetu. Ukoo wa Pterinochilus umeenea Kenya, Tanzania, Malawi, Msumbiji na kwingineko. Kule Würzburg alikuwa na taa yake, maji yake, na karatasi inayoonyesha tarehe aliyokula mara ya mwisho. Nyumbani angepata maji ya moto.

Hapo ndipo udadisi ulipoanza. Usiku mrefu wa Desemba, maktaba karibu, nikaanza kusoma habari zao. Na nilichokikuta kilinifanya nione haya, kwa sababu historia ya buibui hawa ni historia ya kusingiziwa, kuanzia kwenye jina lenyewe.

Dunia inawaita tarantula. Jina hilo halikuwa lao. Linatoka Taranto, mji wa kusini mwa Italia, na aliyeitwa hivyo mwanzo ni buibui mwingine kabisa, mdogo zaidi, anayewinda kwa kukimbia ardhini. Kwa karne nyingi watu wa kule waliamini kwamba akikuuma unashikwa na ugonjwa wa huzuni na kutetemeka, na dawa yake ni kucheza. Waliitwa wapiga muziki, mgonjwa akacheza siku nzima, pengine siku kadhaa, mpaka sumu imtoke. Mwaka 1641 Athanasius Kircher, padri Mjesuiti na msomi, alichapisha hadi noti za muziki wa tiba hiyo. Ngoma ya tarantella inabeba jina lilelile.

Ila ulikuwa ugonjwa wa ajabu: uliwarudia watu kila mwaka majira ya joto, na wengi waliougua walikuwa wanawake. Mwaka 1959 Ernesto De Martino, mtafiti wa Kiitalia, alikwenda Salento, jirani na Taranto, kuwasikiliza waliobaki. Alichoandika katika kitabu chake cha 1961 ni kwamba habari ile haikuhusu sumu. Chini yake kulikuwa na ndoa za kulazimishwa, mapenzi yaliyokatwa, misiba, umaskini, mambo ambayo mwanamke hakuwa na ruhusa ya kuyasema mezani. Buibui aliyasema kwa niaba yake. Sisi tuliokulia Uswahilini hatuhitaji kuelezwa sana. Tumeona ngoma za pepo, tunajua mtu anaweza kuumwa na jambo lisilo na jina mpaka litafutiwe mwenyewe. Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Mimi nami nilikuwa na miaka tisa na jambo nisiloweza kulisema, na buibui akawa karibu.

Wajerumani nao wana jina lao, Vogelspinne, yaani buibui wa ndege. Hili lina kisa kingine. Mwaka 1699 mchoraji Maria Sibylla Merian alisafiri na binti yake kwenda Suriname, Amerika ya Kusini, kwa lengo la kuchora wadudu katika mazingira yao. Kitabu chake kilitoka Amsterdam mwaka 1705. Katika mchoro mmoja kuna buibui mkubwa mwenye manyoya anamla ndege mdogo juu ya tawi la mpera. Mchoro ule ulisafiri Ulaya nzima, na mwaka 1758 Linnaeus alimpa buibui wa aina ile jina la Kilatini lenye maana ya ndege ndani yake. Lakini karne ya 19 wataalamu wakaanza kumkejeli Merian: ametunga, ameambiwa na watumwa akaamini, buibui hali ndege. Ikabidi Henry Walter Bates, aliyekaa miaka kumi na moja Amazoni, aandike mwaka 1863 kwamba amemwona buibui wa namna ile na ndege wawili wadogo aliowashambulia. Merian alikuwa amekufa tangu 1717. Alisema kweli akaitwa mwongo. Mimi nilisema uongo nikaaminiwa kabla sijamaliza sentensi.

Bates ana kisa kingine ninachokipenda zaidi. Katika nyumba moja ya wenyeji waliomsaidia kukusanya wanyama, aliwakuta watoto wamemfunga buibui mkubwa kamba kiunoni, wanamtembeza ndani ya nyumba kama mbwa. Kwa hiyo anayedhani kufuga buibui ni wazimu wa Wazungu wa leo, ajue wale watoto walitangulia.

Na huku kwetu? Wazungu wa Afrika Kusini waliwaita buibui wa nyani. Waingereza wakalichukua jina, likashika. Majina ya Kilatini yalifuata njia ya misafara. Baron Carl Claus von der Decken, yule aliyejaribu kupanda Kilimanjaro, aliuawa Bardera, Somalia, mwaka 1865. Wanyama waliokusanywa katika safari zake walifika Ulaya bila yeye, na mwaka 1873 Gerstäcker akatangaza mmoja wa hawa buibui wetu. Mwaka 1897 Reginald Pocock, katika makumbusho ya London, akalitunga jina Pterinochilus na kumwita mmoja wao murinus, yaani wa panya, kwa rangi yake. Alimwona ndani ya chupa ya pombe. Hakumwona akitoka shimoni jioni, mvua ikiwa imekatika.

Upande wetu wa ziwa alipita Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, aliyekaa kusini mwa koloni kati ya miaka ya 1890 na mwanzo wa karne. Kitabu chake kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma kilichapishwa Berlin mwaka 1906. Alikusanya kila kilichowezekana kukusanywa. Samaki mmoja wa ziwani anaitwa kwa jina lake mpaka leo, Labeotropheus fuelleborni, na anaogelea katika vioo vya wafugaji wa samaki duniani kote. Alipima pia miili ya watu wa huku na kuchapisha vipimo. Mkono mmoja, daftari moja: samaki, watu. Hata Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba uliowakumbusha sanamu ya Misri. Wenyeji walikuwa wameuona mwamba ule miaka yote bila kuhitaji Misri.

Nayaeleza haya si kwa kulalamika tu. Nilikuwa nimekaa Würzburg nasoma juu ya ardhi ya bibi yangu kwa Kijerumani cha kuungaunga, na nikajiuliza mwenyewe nina nini cha kuwazidi hao. Wao walimweka buibui kwenye chupa wakampa jina. Mimi nilikulia juu ya shimo lake, na kitu pekee nilichompa ni kesi.

Januari, wiki ya tano, niliingia asubuhi kujaza maji nikakuta yule wa Usambara amelala chali.

Miguu juu. Hasogei. Nikahisi tumbo limeshuka. Nikakumbuka maji ya moto, nikakumbuka miguu inayojikunja. Nimemuua. Nimepewa kitu kimoja cha kutunza, kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine nimekiangusha. Nikamwandikia mwenye mali, mikono inatetemeka, nikaomba radhi kabla ya kueleza. Akajibu baada ya dakika chache: "Usimguse. Usiguse hata sanduku. Anajivua ngozi."

Buibui hawa wana ngozi ngumu isiyokua, kwa hiyo lazima waivue ili waongezeke. Wakati huo hulala chali, hawana ulinzi wowote, hata nyenje mmoja aliyesahaulika ndani anaweza kuwajeruhi. Nikaketi sakafuni. Baada ya muda mrefu sehemu ya juu ya kifua ikafunguka kama kifuniko. Kisha akaanza kuvuta miguu, yote minane kwa pamoja, polepole sana, kama mtu anayetoa mguu ndani ya soksi yenye maji. Anavuta, anapumzika. Anavuta, anapumzika. Ilikaribia adhuhuri alipomaliza. Pembeni yake kulikuwa na buibui mwingine, mtupu, mkamilifu mpaka kucha: ngozi ya jana. Yeye mwenyewe alikuwa amepauka na laini, na meno yake, ambayo kawaida ni meusi, yalikuwa meupe kama ya mtoto. Yangechukua siku kadhaa kukomaa kabla hajaweza kula.

Niliposimama miguu ilikuwa imekufa ganzi. Ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nimekaa saa nyingi, hatua moja kutoka kwa buibui mkubwa, bila kioo cha pili, bila fagio, na kitu pekee nilichokuwa nakiogopa ni asije akafa. Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa na sikuwahi kuyatofautisha vizuri. Sikuwa namwogopa tena. Nilikuwa namhofia.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sijawahi kumshika, wala sikushauri umshike. Buibui huyu ni mwepesi na mkali akitishwa, na sumu yake inauma sana, inavimbisha na kukakamaza misuli, hata kama kumbukumbu za kitabibu hazina kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana naye. Ukiumwa na buibui yeyote, nenda hospitali. Na usimchimbue nyumbani kwake ukamfuge. Nchi yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Na Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji na watu wengine wawili faini ya shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja, au miezi kumi na miwili jela, kwa sababu ya sisimizi. Ndiyo, sisimizi: malkia kwa maelfu ndani ya vichupa, waliokuwa wanasafirishwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Wengi walicheka. Mimi sikucheka. Kinachotambaa chini ya miguu yetu bila thamani, kuna mahali kimebandikwa bei.

Nilirudi nyumbani. Bibi alikuwa amefariki zamani, na kile alichokiona kwenye jeraha la mtoto alizikwa nacho. Baba naye hayupo. Aliyebaki wa kuambiwa ni mwenye kovu.

Mdogo wangu analima nje ya mji wa Mbinga, kahawa na chakula, mlimani kwenye mteremko ambao mgeni hawezi kusimama wima. Analima kwa ngoro, kama walivyolima wazee. Majani yanakatwa, yanalazwa kwa mistari inayokingamana, udongo unachimbwa katikati na kufunikwa juu yake, shamba zima linakuwa mashimo kama sega la nyuki, na mvua haipati pa kukimbilia na udongo. Simulizi za kwetu zinaihusisha ngoro na karne ya 19, Wamatengo walipojibana milimani kuwakimbia Wangoni. Nikiwa mdogo nilisikia watu wakilisema hilo kama aibu. Leo naona kwamba woga si aibu. Inategemea umeufanyia nini. Wao waliufanyia shamba.

Ilikuwa Machi, mwaka juzi, msimu wa kukata majani. Tulikuwa tumepumzika, mimi, yeye, na binti yake wa miaka minane aliyekuwa ananiuliza habari za theluji. Jembe la baba yake likafunua shimo dogo, mdomo wake umezungushiwa utando mweupe kama kola ya shati. Nililijua kabla sijainama. Mdogo wangu akainua jembe.

"Subiri kwanza," nikasema. "Nina neno."

"Dada, hawa washenzi. Si unajua mwenyewe walivyonifanya?"

Nikamwambia. Kitenge, kuni, figa, mimi. Sikurefusha. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno mazuri ndani ya basi, yote yakapotea, nikasema tu kwamba nilimwangusha na nikaogopa kuchapwa.

Alinyamaza. Akapitisha kidole kwenye nyusi, kama mtu anayeangalia kama bado ipo. Nilitegemea hasira au kicheko. Baada ya muda akasema, "Kumbe. Na mimi kila mwaka nawaponda hapa." Halafu: "Ungeniambia mapema, Dada." Hakuongeza lingine, na sikuwa na la kujitetea. Ni kweli. Ningemwambia mapema.

Binti yake ndiye aliyeumia waziwazi. "Kwa hiyo baba hukuumwa?"

"Nilianguka."

"Tu?"

"Tu."

Nilimwona anavyopoteza kitu. Alikuwa na baba aliyepona sumu ya buibui. Sasa ana baba aliyeanguka jikoni. Nikamwita tukachuchumaa mbali kidogo na lile shimo, nikamweleza kwamba mwenye nyumba hii akiwa jike anaweza kuishi miaka mingi kuliko umri wake yeye, na kwamba siku akikua hulala chali akavua ngozi yote mpaka kucha. "Umeona kwa macho yako?" akauliza. Nikasema nimeona. Akafikiri, akauliza kama inamuuma.

Mdogo wangu alihamisha kazi, akaanza mstari mwingine hatua chache pembeni. Hakusema kwa nini. Jioni tulipokuwa tunateremka alimwonya binti yake asipitie upande ule, asije akakanyaga.